Jiko la mkaa litoke chumbani kwa mzazi

Mwezi Juni ukifika, mvua za masika zikiwa zimepungua na upepo wa kusi umeanza kuvuma kutoka baharini, mambo madogo hubadilika katika nyumba nyingi za Nguvumali, jijini Tanga. Maji ya kuoga huchemshwa hata kwa waliozoea kuoga ya baridi. Nepi zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa bado na unyevu. Na kama nyumba ina mzazi aliye ndani ya arobaini, jiko la mkaa ambalo mwaka mzima hukaa uani huingizwa chumbani ili mama na kichanga wapate joto.

Hakuna anayefanya hivyo kwa nia mbaya. Mara nyingi anayelibeba jiko ni bibi au mama mkwe, mtu aliyelea watoto wengi na anayejua kwamba kichanga hapaswi kupigwa na baridi. Tena mkaa umeshanunuliwa. Chakula cha usiku kimeiva, makaa bado ni mekundu, na kuyaacha yafe uani ni kama kutupa hela. Moshi umekwisha, harufu haipo. Basi jiko linawekwa pembeni mwa kitanda, mlango unafungwa ili joto lisitoke, na watu wanalala.

Hatari inaanza hapo, kwa sababu mkaa uliokwisha kushika, ule usio na moshi wala harufu, bado unatoa gesi inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Gesi isiyo na dalili

Gesi hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala kukohoza. Si ile hewa ukaa ambayo kila mtu huitoa anapopumua. Kaboni monoksaidi huzalishwa pale kitu kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha, na mkaa huungua kwa namna hiyo karibu wakati wote. Ndiyo maana kutokuwepo kwa moshi hakumaanishi kuwa chumba kiko salama.

Ikivutwa, gesi hii huingia kwenye damu na kujishikiza kwenye himoglobini, kibebeo kinachosafirisha oksijeni mwilini. Nguvu yake ya kushika kibebeo hicho ni zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Kwa hiyo hata kiasi kidogo hewani huchukua nafasi ya oksijeni, na ubongo na moyo, ambavyo haviwezi kungoja, huanza kukosa hewa mtu akiwa bado anapumua kama kawaida.

Kwanza kichwa huuma. Kisha hufuata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Huo usingizi ndio mtego wenyewe. Aliyeanza kuathirika hana nguvu ya kuinuka kufungua mlango, na wakati mwingine hajui kama kuna jambo la kukimbia.

Kichanga hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima, hivyo huathirika mapema zaidi. Hawezi kusema kichwa kinamuuma. Atalia, au atanyamaza na kulala, na wakubwa watafurahi kwamba leo mtoto amelala vizuri. Mjamzito naye ana hatari mbili, kwa kuwa gesi hiyo huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Zipo tahadhari zinazoaminika mitaani ambazo hazisaidii. Bakuli la maji lililowekwa karibu na jiko halinyonyi gesi hii. Kunyunyizia chumvi kwenye makaa hakuizuii. Kufungua dirisha kidogo kunapunguza, lakini si kiasi cha mtu kulala akiwa na uhakika. Kuziba makaa kwa majivu ili yakae mpaka alfajiri ndiko kubaya zaidi, kwa maana kunayanyima hewa na kuyafanya yaendelee kutoa gesi usiku kucha.

Mbona wazee walikuzwa hivyo?

Hili ndilo swali ambalo bibi atauliza, na ni swali la haki. Kama jiko chumbani linaua, mbona yeye, dada zake na watoto wake wote walilelewa na jiko chumbani na wapo?

Jibu liko kwenye nyumba. Nyumba ya zamani ya pwani ilijengwa kwa miti na udongo na kuezekwa kwa makuti. Kati ya ukuta na paa paliachwa uwazi, na paa lenyewe lilipitisha hewa. Mlango ulikuwa wa mbao zenye mianya, na dirisha halikuwa na kioo. Upepo wa bahari ulipita humo usiku kucha. Jiko lilitoa gesi ileile, ila ilikuwa na pa kutokea. Hata hivyo hakuna ajuaye ni watoto wangapi wa zamani hizo waliodaiwa kufa kwa degedege au kwa jicho baya, kumbe chumba ndicho kilichowadhuru.

Nyumba ya leo ni ya matofali ya saruji, bati, dari ya jipsamu na dirisha la alumini lenye kioo kinachobana. Matundu ya hewa juu ya dirisha, ambayo mafundi wa zamani hawakuyasahau, siku hizi huzibwa kwa sababu ya mbu na vumbi, au hayawekwi kabisa. Katika nyumba za kupanga, familia nzima hulala chumba kimoja na jiko hupikiwa koridoni, mlangoni mwa kila mpangaji. Desturi imebaki ileile, lakini chumba kimekuwa kama chupa iliyofungwa kizibo.

Kwa hiyo bibi hakukosea alipokuwa akilea wanawe. Nyumba ndiyo iliyobadilika, na desturi ya jiko inatakiwa kubadilika nayo.

Si kila kichwa kinachouma ni malaria

Tanga ni mkoa wa malaria, na mtu akiamka na kichwa, mwili umelegea na anataka kutapika, wazo la kwanza ni homa. Dalili hizo ndizo pia za kuvuta kaboni monoksaidi kwa kiasi kisichoua. Familia inaweza kununua dawa mara tatu kwa mwezi huku chanzo kiko pembeni mwa kitanda.

Yapo mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, je, wanaumwa watu zaidi ya mmoja asubuhi ileile? Malaria haina kawaida ya kuwaamsha wote waliolala chumba kimoja na kichwa kwa pamoja. La pili, je, nafuu inakuja wakitoka nje na kukaa barazani saa moja au mbili, kisha kichwa kinarudi wakilala tena? La tatu, je, kuna joto la mwili? Gesi hii haileti homa.

Jibu likielekea kwenye gesi, jiko litoke siku hiyohiyo, na bado waende kituo cha afya wakapimwe malaria, maana moja halizuii jingine. Wakifika, wamwambie muuguzi au daktari bila kuona haya: "Tulilala na jiko la mkaa ndani." Sentensi hiyo ina thamani kubwa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini.

Makaa ya mawe na mkaa mbadala

Bei ya mkaa wa miti imewafanya wengi watafute kitu kingine, na sasa neno linalosikika ni mkaa mbadala. Ni jina moja linalobeba vitu vingi. Upo unaotengenezwa kwa vifuu vya nazi, kwa vumbi la mkaa, kwa pumba au kwa maranda ya mbao. Upo pia unaotokana na makaa ya mawe. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, huzalisha mkaa wa aina hiyo unaojulikana kama Rafiki Briquettes, ukitumia makaa ya mawe yanayochimbwa Kiwira, kusini magharibi mwa nchi.

Mnunuzi atofautishe mambo mawili. Makaa ya mawe ghafi, yaani jiwe lilivyotoka mgodini, si ya jikoni. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu nishati za nyumbani, lilisema makaa ya mawe yasiyochakatwa yasitumike majumbani. Likaongeza kwamba matumizi ya mafuta ya taa kupikia na kuwashia taa hayashauriwi.

Sababu zake zimeandikwa na historia ya nchi zilizotangulia. London, Desemba 1952, makaa ya mawe yaliyochomwa majumbani na viwandani wakati wa baridi yalizua ukungu mzito wa moshi kwa siku tano, na maelfu ya watu wakafa. Uingereza ikapitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956. Huko Xuanwei, China, wanawake ambao karibu wote hawakuvuta sigara walikuwa na viwango vya juu sana vya saratani ya mapafu, kwa sababu walipikia na kuota moto wa makaa ya mawe yenye moshi ndani ya nyumba zisizo na bomba la moshi. Nyumba zilipowekewa majiko yenye bomba, hatari ikashuka kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata.

Mkaa mbadala uliochakatwa ni kitu kingine, kwani uchakataji unakusudiwa kupunguza moshi na uchafu. Mnunuzi atafute wenye alama ya ubora ya TBS, na akwepe unaofungwa kwenye mifuko isiyo na jina la mtengenezaji. Lakini uwe umetokana na mti, kifuu au jiwe, uwe na alama au usiwe nayo, kila mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi. Hakuna mkaa wa kulala nao.

Hesabu ya 24

Wengi wanabaki na mkaa kwa sababu wanaamini ndio rahisi. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Tatizo ni kwamba mkaa huuzwa kwa kopo, ndoo au gunia, na gesi huuzwa kwa kilo, hivyo bei hazilinganishiki kwa macho.

Njia ya kulinganisha ipo, na haihitaji kikokotoo. Kilo 1 ya gesi ya kupikia hufanya kazi ya takriban kilo 4 za mkaa kwenye jiko la kawaida la bati. Hii ni kwa sababu gesi ina nguvu nyingi zaidi kwa kilo, na jiko lake hupoteza joto kidogo. Mtungi mdogo wa kilo 6 kwa hiyo ni sawa na takriban kilo 24 za mkaa.

Mama mwenye nyumba anaweza kufanya hivi. Apeleke kopo moja la mkaa kwenye duka lenye mizani, alipime mara moja tu ajue lina kilo ngapi. Agawe bei ya kopo kwa kilo hizo, apate bei ya kilo moja. Kisha azidishe kwa 24. Kama jibu ni kubwa kuliko bei ya kujaza mtungi wa kilo 6, gesi ni rahisi kwake. Kwa mfano, kama kilo ya mkaa imemgharimu Sh1,000, mkaa wa kazi hiyo ni Sh24,000. Mtungi ukijazwa kwa pungufu ya hapo, mkaa ndio unaomla.

Anayetumia jiko banifu, lile la bati lenye udongo ndani, azidishe kwa 16 badala ya 24, kwa kuwa jiko hilo hula mkaa kidogo. Jiko la aina hii lilienea Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, likichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, na kutoka hapo likasambaa Afrika Mashariki. Kwa familia isiyoweza kununua mtungi leo, hii ndiyo hatua ya kwanza yenye faida. Lakini banifu hubana matumizi ya mkaa tu. Gesi ya sumu bado inatoka, na chumbani halifai vilevile.

Kikwazo kikubwa cha gesi huwa si bei ya kilo, ni kutoa hela yote kwa siku moja. Mkaa hununuliwa kwa hela ya leo. Familia iliyokokotoa na kuona gesi ni nafuu inaweza kuweka kando kila siku kiasi kidogo kwenye kibubu, au kuingia mchezo wa kina mama wa kujaziana mitungi kwa zamu kama wanavyochangiana vyombo. Serikali nayo, kupitia Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034.

Umeme nao usisahauliwe. Sufuria la presha la umeme hupika maharage ya familia kwa chini ya uniti 1. Familia iliyo kwenye kundi la wateja wadogo wa TANESCO, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Cha kuangalia ni kutovuka uniti hizo, kwa sababu ukivuka unahamishiwa kwenye kundi la bei ya juu.

Gesi ina sheria zake pia. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama sakafuni, isipande juu na kutoka dirishani. Ukiinusa, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje.

Vilivyopo Tanga bila kununua

Pwani haikosi vitu vya kuwashia. Makumbi ya nazi yaliyokauka hushika moto haraka na ni bora mara nyingi kuliko kipande cha plastiki ambacho wengi hukitumia kuwashia mkaa. Plastiki inayoungua hutoa sumu zinazoingia kwenye kifua cha mpishi na kwenye chakula. Vifuu vinawaka kwa moto mkali na wa muda mrefu. Maranda kutoka kwa mafundi seremala, yakishindiliwa kwenye jiko la kopo, hupika sufuria la maharage bila kuongezwa kitu, ila kwa moshi wake hilo ni jiko la uani tu.

Visivyochomwa ni mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, vipande vya matairi, na mafuta machafu ya gereji. Ni bure siku ya kuvichoma, gharama yake huja baadaye.

Familia yenye ng'ombe wawili wa maziwa wa kufugia ndani, na pembezoni mwa jiji zipo, ina malighafi ya kutosha ya mtambo mdogo wa gesi ya samadi. Mkoa huu una mfano wake mkubwa. Pale Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge, mabaki ambayo kwa miaka mingi yalitupwa tu.

Mafuta ya taa, kwa familia ambayo bado inayatumia, yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Watoto huyanywa. Ikitokea, mtoto asitapishwe wala kupewa maziwa kwa nguvu. Apelekwe hospitali haraka, kwa sababu mafuta hayo huharibu mapafu yakirudi kooni.

Mpashe mtu joto, si chumba

Usiku wa Julai joto la Tanga hushuka hadi karibu nyuzi 20. Si baridi ya Lushoto. Chumba cha Nguvumali hakihitaji moto, mtu ndiye anayehitaji kufunikwa. Tofauti hiyo inaokoa mkaa na inaokoa maisha.

Kwa kichanga, hakuna jiko linaloshinda kifua cha mama. Mtoto akivuliwa nguo, akabaki na nepi, kofia na soksi, akawekwa ngozi kwa ngozi kifuani na kufunikwa khanga mbili na blanketi, mwili wa mama humpasha joto sawasawa na kumshusha likizidi. Ndiyo njia ya kangaruu inayofundishwa wodini kwa watoto njiti, na inamfaa mtoto yeyote. Baba anaweza kumbeba vilevile mama anapooga au kula. Kichanga asiogeshwe kabla ya kutimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Miguu na kifua vikiwa vya baridi kwa pamoja na mtoto hanyonyi vizuri, hilo ni la hospitali, si la jiko.

Kwa mzazi, kukandwa kwa maji ya moto kunaweza kuendelea kwa anayekupenda. Maji yapimwe kwa kiwiko kwanza yasimuunguze, na aliyejifungua kwa upasuaji aulize kliniki kabla ya kuguswa tumbo. Maji yachemshwe uani na yawekwe kwenye chupa ya chai ili yawepo usiku bila kuwasha moto upya. Mchana, dumu jeusi lililojazwa maji na kuwekwa juani tangu asubuhi hutoa maji ya uvuguvugu ya kuogea bila senti.

Kitanda kinaweza kupashwa kwa chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa khanga. Iwekwe kabla, iondolewe kabla mtoto hajalazwa. Nepi zikaushwe kwa kupigwa pasi, si kwa kutandazwa juu ya jiko. Udi wa kufukiza chumba ufukizwe dirisha likiwa wazi, mama na mtoto wakiwa nje, na chetezo kitoke kabla hawajarudi, kwa sababu chetezo nacho ni mkaa.

Walio na ndugu Lushoto na sehemu nyingine za milima ya Usambara, ambako baridi ni ya kweli, wawapelekee habari hiyo hiyo. Huko jiko huota nalo watu wakiwa macho, mlango ukiwa wazi, na hutolewa nje kabla ya mtu wa kwanza kulala.

Kumwambia mama mkwe

Kinachozuia mengi haya si kutojua, ni heshima. Binti aliyejifungua mara ya kwanza atamwambiaje mama mkwe aliyesafiri kuja kumuuguza kwamba jiko lake litoke?

Njia nzuri ni kutogusa uzoefu wake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mmeamkaje na mgeni wetu?" "Tumeamka salama, mama. Nilikuwa na ombi. Kliniki wametuambia jiko lisiingie chumbani, hizi nyumba zetu za siku hizi hazina pa kutokea hewa. Wewe unikande kama ulivyozoea, ila jiko naomba libaki uani." Ombi hilo linampa mama kazi yake na linaondoa jiko.

Baba wa mtoto asijifiche nyuma ya mkewe. Mama ni wake, na neno hilo likitoka kwake mapema, kabla ya siku ya kujifungua, halimwachii mkewe ugomvi. Yeye ndiye pia wa kuhakikisha matundu ya hewa ya chumba hayajazibwa, na kumwomba mwenye nyumba ayafungue kama yamezibwa. Nyavu hutosha kuzuia mbu.

Ikitokea

Ukimkuta mtu amezimia kwenye chumba chenye jiko, usikae humo kumwamsha. Vuta pumzi nje, fungua mlango, mburute mpaka penye hewa, kisha ndipo jiko litolewe. Aliyezimia alazwe ubavu. Asipopumua na yupo anayejua kumpulizia, aanze mara moja. Asipewe maziwa wala maji akiwa hajitambui.

Apelekwe hospitali hata akizinduka na kusema yu mzima. Mwili huchukua saa 4 hadi 5 kuondoa nusu ya gesi hiyo kwa hewa ya kawaida, lakini oksijeni ya hospitali hupunguza muda huo hadi saa moja au saa moja na nusu. Kwa mjamzito, mzazi aliye ndani ya siku 42 na kichanga wa hadi siku 28, usafiri wa dharura wa m-mama huitwa bila malipo kwa namba 115. Zimamoto ni 114. Namba hizo ziandikwe leo ukutani, penye mwanga, chumbani kwa mzazi.